Jirani yetu ni mkimbizi: nimsaidie vipi bila kumdhalilisha?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu bila kuandika, na leo naandika kwa sababu jambo moja limeninyima raha kwa majuma kadhaa.

Miezi minne iliyopita nyumba iliyo mkabala na yetu ilipata wapangaji wapya: mama, mumewe, mama mkwe na watoto watatu. Tuliambiwa kwamba ni wakimbizi waliopewa hifadhi baada ya kuishi kambini kwa miaka sita. Shirika lililowapokea liliwaletea vitanda na vyombo, na mhudumu wake alikuwa akija mara mbili kwa wiki, kisha mara moja, na sasa simwoni tena.

Nilitaka kusaidia. Nilikusanya nguo kwa ndugu na marafiki, nikajaza mifuko mitatu mikubwa, nikaipeleka bila kuwauliza. Yule mama alinipokea kwa adabu na kunikaribisha ndani. Kwa kuwa binti yake wa miaka tisa ameanza kuijua lugha yetu, nilimtumia kama mkalimani. Niliuliza habari za safari yao, nikauliza vita ilikuwaje, nikauliza kama kuna jamaa waliobaki huko. Mtoto alitafsiri maswali mawili ya kwanza. La tatu alinyamaza, akamtazama mama yake, naye mama akainuka kwenda jikoni na hakurudi mpaka nilipoaga. Siku mbili baadaye, mlango ukiwa wazi, niliona mfuko mmoja umeegemezwa ukutani ukiwa na fundo lilelile nililolifunga kwa mkono wangu.

Kuna lingine ambalo naona haya kulisema. Siku ile nilipiga picha, mimi na watoto na ile mifuko, nikaiweka mtandaoni ili kuwahimiza wengine wachangie. Jioni yake binti alikuja mlangoni kwetu kuniomba niifute. Niliifuta mara moja, lakini tangu hapo mama yake akiniona hunisalimu kwa kutikisa kichwa tu na kupita haraka.

Mume wangu anasema kwamba hiyo ni kazi ya serikali na mashirika, na kwamba mimi najitafutia lawama. Lakini nawaona kila siku. Baba huondoka asubuhi na bahasha ya karatasi na kurudi mchana nayo vilevile. Bibi hukaa dirishani kutwa. Binti siku nyingine haendi shule kwa sababu anafuatana na mama yake hospitali ili akamtafsirie. Jana nilimwona mama akishona kwa mkono mkoba wa shule uliochanika, mishono yake midogo na iliyonyooka kana kwamba imetoka kwenye cherehani. Nilitamani kumwambia neno, nikashindwa.

Je, nirudi kwao, au nimekwisha kuharibu? Na nikirudi, mtu wa kawaida kama mimi, asiye na cheo wala fedha za kutosha, anaweza kufanya nini chenye maana?

Wako,
Jirani wa mkabala

Majibu

Ndugu yangu Jirani wa mkabala,

Rudi. Hujaharibu kiasi cha kutoweza kurekebisha, na ukweli kwamba fundo la mfuko limekukaa moyoni hadi leo unaonyesha kwamba unaweza kuwa jirani mwema kwa watu hawa. Ila ukirudi, nenda mikono mitupu, na neno lako la kwanza liwe la kuomba radhi kwa ajili ya ile picha.

Nianze na picha kwa sababu ndiyo iliyowatisha, na unastahili kujua kwa nini. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi unamtambua mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ana hofu yenye msingi ya kuteswa, iwe kwa rangi yake, dini yake, uraia wake, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa kisiasa. Maana yake ni kwamba mara nyingi yuko mtu, au kundi la watu, ambao mkimbizi huyo hataki kabisa wajue alipo. Hao nao wana simu na wanaingia mtandaoni kama sisi. Picha inayoonyesha nyuso za watoto, mlango wa nyumba na labda sare ya shule inatosha kueleza familia hiyo inaishi wapi, na hata kama wao wenyewe wako salama, wanaweza kuwa na mzazi au ndugu aliyebaki nyuma ambaye ndiye atakayelipa. Ulifanya vizuri kuifuta bila kubishana. Sasa mwambie mama mwenyewe, kwa maneno machache, kwamba hukujua, kwamba umeelewa, na kwamba haitatokea tena. Usieleze sana. Maelezo marefu humfanya aliyekosewa awe na kazi ya kukufariji wewe.

Yale maswali nayo yana uzito wake. Mtu anayeomba hifadhi huwa amekwisha kuhojiwa mara nyingi: mpakani, kambini, mbele ya maofisa wa Umoja wa Mataifa, mbele ya maofisa wa nchi inayompokea. Kila mara ameulizwa tarehe, majina na nani alifia wapi, na kila mara jibu lake limepimwa kama ni la kweli. Jirani anapokaa sebuleni mwake na kuuliza yaleyale, hata kwa huruma, masikioni mwake ni mahojiano mengine. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambao Shirika la Afya Duniani lilishiriki kuutoa mwaka 2011 unajengwa juu ya mambo matatu, yaani kuangalia, kusikiliza na kuunganisha, na unasisitiza kwamba mtu asilazimishwe kusimulia yaliyomkuta. Siku akitaka kusema, atasema, na pengine itakuwa mnapofanya kazi nyingine kabisa, macho yenu yakiwa kwenye kazi. Wewe siku hiyo usikilize, usimkatize kwa kumwambia kwamba yamekwisha au kwamba ashukuru kuwa hai. Ukiona dalili zinazodumu, kama vile kukosa usingizi kwa majuma mengi, kujifungia ndani au kuzungumzia kujidhuru, mtafutie daktari au mshauri mwenye ujuzi huo, kwa maana hapo uwezo wa jirani unaishia.

Kuhusu mumeo, naomba umjibu kwa upole, kwa kuwa hajakosea yote. Ni kweli kwamba kutoa hifadhi, vibali na matibabu ni wajibu wa serikali, na raia asijitwishe mzigo huo. Lakini msaada wa mashirika huwa na muda. Kwa miaka mingi nchini Marekani msaada wa awali wa mapokezi ulihesabiwa kwa siku 30 hadi 90, kisha mhudumu alilazimika kuwageukia waliofika baadaye. Ndivyo ulivyomwona yule mhudumu wenu akipungua hadi kutoweka. Si kwamba aliwatupa. Muda huo ukiisha, anayebaki karibu ni jirani. Kanada ililiona hilo mapema: mpango wake wa udhamini wa watu binafsi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, uliruhusu kwa miaka mingi hata kundi la watu watano kuidhamini familia ya wakimbizi, kwa kawaida kwa mwaka mzima, wakishughulikia nyumba, shule, lugha na marafiki. Wakati wakimbizi wapatao 60,000 kutoka Vietnam, Laos na Kambodia walipopokelewa nchini humo mwaka 1979 na 1980, zaidi ya nusu walidhaminiwa na watu wa kawaida: walimu, wakulima, waumini wa makanisa, watu wa mtaa mmoja waliochangishana. Mwaka 1986 tuzo ya Nansen, ambayo hutolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ilitolewa kwa watu wote wa Kanada. Wengi wao hawakuwa na cheo wala fedha kukuzidi wewe.

Sasa nije kwenye ile mifuko, kwa sababu hapo ndipo penye jibu la swali lako. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi hulisikia neno hilo kama onyo kwa mgeni asiyetaka kuondoka, nami sioni kwamba ndivyo lilivyo tu. Anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile, ana sehemu yake shambani, na jioni atakula alichokitolea jasho. Familia hii imepewa kwa miaka sita. Wamepanga foleni ya chakula, foleni ya maji, foleni ya mihuri, na kila walichopewa kilichaguliwa na mtu mwingine. Ulipofika na mifuko mitatu ya nguo ambazo hukuwauliza saizi wala haja, uliendeleza foleni ile hadi sebuleni mwao. Sisemi nguo ni mbaya. Nasema uliza kwanza, na uulize kwa namna ambayo mtu anaweza kukataa bila kukuvunjia heshima: "Tuna koti la mtoto lisilotumika, je, lingewafaa au nimpe mwingine?" Swali la namna hiyo linamrudishia uwezo wa kuamua, na huo ndio uliochukuliwa mwanzo alipokimbia.

Basi ufanye nini? Nitakaa zaidi kwenye karatasi, kwa maana ile bahasha ya baba imenigusa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikienda mara kwa mara kumsaidia mzee mmoja mkimbizi kusoma barua zake. Aliziweka zote, hata matangazo ya biashara, kwenye mfuko mmoja wa plastiki, kwa sababu hakuweza kutofautisha tangazo na wito wa ofisi, na alikwisha kupoteza miadi moja muhimu kwa kutupa bahasha aliyodhani haina kitu. Tulichofanya siku ya kwanza kilikuwa kuzipanga tu: za kutupa huku, za kujibu kule, na zenye tarehe juu kabisa. Kwenye kitambulisho chake jina la ukoo lilikuwa limeandikwa mahali pa jina lake, kwenye kadi ya hospitali lilikuwa na herufi moja zaidi, na tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ya kwanza Januari, kama ilivyo kwa wakimbizi wengi ambao hawakuwa na cheti na ofisa akajaza tarehe ya kukisia. Kila ofisi ilimrudisha kwa sababu karatasi zake hazikulingana. Hakuwa na kosa lolote, na hakuna aliyewahi kumweleza tatizo liko wapi. Huenda bahasha ya jirani yako inarudi kila mchana kwa sababu kama hiyo.

Hapo mwenyeji ana kitu ambacho mgeni hana: anajua barua ya ofisi inavyosomwa, anajua foleni ipi ni ya nini, anajua kwamba ukiambiwa "tutakupigia" inabidi uulize lini na nani. Jitolee kusoma nao barua saa moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile. Tafuta kwanza barua zenye muda wa mwisho. Maombi ya kuunganishwa na mke, mume au watoto, kwa mfano, huwa na kikomo katika nchi nyingi: nchini Marekani mkimbizi kwa kawaida ana miaka 2 tangu kuingia nchini, na nchini Ujerumani ana miezi 3 tangu kutambuliwa ikiwa anataka masharti nafuu. Muda huo ukipita, familia inaweza kutengana kwa miaka mingi kwa sababu ya bahasha iliyokaa chini ya mkeka. Ukienda naye ofisini, keti kando yake, wala usiketi mbele yake. Mwache aseme mwenyewe, hata kwa maneno matano, na wewe ongezea pale anapokugeukia. Maofisa wana tabia ya kuzungumza na mwenyeji na kumsahau mwenye shida. Wakianza kukutazama wewe, mtazame yeye, nao watafuata macho yako.

Ila kuna mpaka ambao nakuomba usiuvuke. Kusoma barua si kutoa ushauri wa sheria. Usimshauri aseme nini katika madai ya hifadhi, wala usimjazie fomu ya uhamiaji kwa kubahatisha, kwa kuwa neno moja lisilolingana na maelezo yake ya awali linaweza kumgharimu. Katika baadhi ya nchi, Uingereza ikiwa mojawapo, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai hata kama hukulipwa. Kazi yako hapo ni kumtafutia wakili au shirika la msaada wa kisheria, na kuhakikisha anafika siku ya miadi akiwa na karatasi zake zote.

Binti huyo wa miaka tisa asikose shule tena kwa ajili ya kutafsiri. Nalisema hili kwa mkazo, na sikulaumu wewe peke yako, kwa maana hata ofisi kubwa hufanya hivyo. Mtoto anayemtafsiria mama yake kwa daktari anasikia magonjwa ya mama, anasikia mimba zilizoharibika na jinamizi za usiku, kisha anabeba jukumu la kutokosea. Mwili wa mama nao unanyamazia mambo ambayo hawezi kuyasema kupitia kinywa cha mwanawe. Hospitali nyingi zinaweza kupata mkalimani, ana kwa ana au kwa simu, lakini aombwe mapema, na mgeni hajui kwamba inawezekana kuomba. Kupiga simu siku tatu kabla ya miadi na kutaja lugha inayohitajika, pamoja na kama mama angependelea mkalimani mwanamke, ni msaada unaochukua dakika kumi. Na kwa mazungumzo yenu ya kawaida, jifunze salamu tatu za lugha yao na jinsi ya kutamka majina yao sawasawa. Usiwafupishie majina kwa sababu ni magumu kwako. Wamepoteza mengi, majina wanayo bado.

Ile kimya iliyofuata swali lako la tatu yaweza kuwa na maana nyingi, na mojawapo ni kwamba kuna jamaa ambaye hawajui kama yu hai. Usiulize tena. Lakini ujue, ili uweze kusema siku ikifaa, kwamba Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu pamoja na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu vya nchi mbalimbali hutafuta watu waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita, bila malipo. Kazi hiyo ilianza tangu vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, dola la Kijerumani la wakati huo. Mtaje tu chama hicho, mwachie anwani, na uondoke kwenye mada.

Bibi anayekaa dirishani huenda ndiye mpweke kuliko wote. Watoto watapata lugha shuleni na baba ataipata kazini, ila yeye hana anakokwenda, na mipango mingi ya masomo ya lugha haikupangwa kwa mtu wa umri wake. Mwalike mtembee hadi mwisho wa barabara na kurudi. Hamhitaji kuzungumza.

Kazi ya baba ni suala ambalo majirani huudharau uwezo wao wa kulisaidia. Kwanza ahakikishe ana ruhusa ya kufanya kazi, kwa kuwa anayesubiri uamuzi wa hifadhi mara nyingi haruhusiwi kwa kipindi fulani, na kibarua cha kificho kinaweza kumharibia. Akiwa na ruhusa, kizuizi kikubwa huwa kwamba hakuna mtu anayemjua. Sisi wenyeji wengi tulipata kazi ya kwanza kwa sababu kuna aliyesema "huyu namfahamu". Muulize alikuwa akifanya kazi gani kabla ya vita, na usishangae ukisikia alikuwa mhandisi au muuguzi. Kuna taratibu za kutambua elimu ya wakimbizi hata pale ambapo vyeti vimepotea, na Baraza la Ulaya limekuwa likitoa pasipoti ya sifa za elimu kwa ajili yao tangu mwaka 2017. Pengine mumeo, asiyependa mambo ya hisia, angekubali kumtambulisha kwa watu wawili watatu anaofahamiana nao. Wanaume wengi huona urahisi kusaidia wakipewa jambo lenye mwanzo na mwisho.

Fedha sitazisemea kwa urefu. Usikopeshe unachotarajia kurudishiwa, wala usiahidi usichokuwa nacho. Watu hawa wameahidiwa mengi. Ukisema utakuja Jumanne na usije, wao watakaa wakikusubiri, kisha watajifunza kutokusubiri. Na wakikataa mwaliko wako mara mbili, usione kwamba hawana shukrani. Kushukuru kila siku ni kazi nzito, na wao wameifanya kwa miaka sita.

Nimeacha la mkoba wa shule mwisho kwa makusudi. Umeandika kwamba ulitamani kumwambia mama neno, ukashindwa. Hukosi nyumbani kwako gauni lililofumuka pindo au koti lililotatuka bitana. Ukishaomba radhi, ngoja siku chache, kisha mpelekee nguo hiyo na umwombe akuonyeshe namna anavyozipanga zile nyuzi, kwa kuwa wewe hujui na yeye anajua. Usimpelekee zawadi siku hiyo, na usigeuke kuwa mteja wake kabla hamjajua vibali vyake vinaruhusu nini. Nenda kama jirani aliyekwama. Kaa pale mpaka pindo liishe. Binti akija kusimama kati yenu ili atafsiri, mwambieni aende akacheze, maana uzi na sindano mtaelewana kwa vidole.